Makande Usiguse

Mzee Erasmo alipopunguzwa kazini, shirika lao lilipouzwa, wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye alinunua kompyuta, akaiweka kwenye studio yake ya picha hapa Same mjini, karibu na stendi, akaifunika kitambaa cha kufuma kama redio. Akaniajiri mimi, Ziada, niliyeishia la saba, kwa sababu aliona nina subira. Kompyuta ile ilitaka subira kuliko mtoto mwenye surua.

Programu ya kutengenezea picha iliyokuja nayo haikutujua. Watu iliwatoa rangi ya majivu, kama wametoka kuchimba jasi. Nikakaa nayo. Nikatengeneza mpangilio wa kuwarudishia watu rangi zao, nikatengeneza kola na tai za kumvalisha aliyekuja na fulana ya mtumba, nikatengeneza na brashi. Si brashi ya kupaka rangi ukutani. Hii ni umbo unalolihifadhi ndani ya programu, ukibonyeza linajichora pale unapotaka. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mwanya. Niliutoa kwenye picha ya Irine, msichana wa Kighare kule Ugweno, ambayo Mzee aliitundika dirishani kuvutia wateja. Meno mawili ya mbele na nafasi katikati, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Mtu akija na pengo, nambonyezea. Akija na meno yote akataka mwanya, nambonyezea pia. Nusu ya mji ilikuwa inacheka kwa mdomo wa Irine bila kujua.

Vitu vyote hivyo, rangi, kola, tai na brashi, nilivirundika mahali pamoja ndani ya kompyuta, na Mzee akapaita Makande, kwa kuwa vilichanganyika humo kama mahindi na maharage. Jina likatukaa. "Ziada, mtie huyu bwana makande kidogo," alikuwa akisema, na mteja anabaki akisubiri sahani.

Zebedayo wa Gonja, fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge, alikuwa mteja wa dirishani. Jino lake la mbele lilikwenda na hendeli ya kuwashia injini. Kila akija mjini alisimama nje akimtazama Irine, mpaka Mzee akamuuliza kama anataka kununua kioo. Mwishowe akapiga picha ya kupeleka kwa kina Irine. Nikambonyezea mwanya. Mkono ulishazoea, sikuuliza unatoka wapi wala unakwenda wapi.

Picha ikapanda Ugweno. Sisi huku tukawa na yetu. Studio ya ng'ambo ya barabara ilipata toleo jipya la programu, wateja wakaanza kuvuka. Mzee naye akalileta kwenye CD, akamwita Salimu, fundi wa kompyuta kutoka Tanga, kijana mpole mwenye shati la kunyooshwa. Umeme ulikuwa umerudi, Mzee hakutaka usubirishwe. Mimi nilitakiwa stendi kupokea picha zilizosafishwa Moshi, basi nikampa Salimu maagizo nikiwa nimesimama mlangoni.

"Kaka Salimu, toa la zamani, ingiza jipya. Ila makande usiguse. Yaweke pembeni kwanza, ukimaliza uyarudishe palepale."

"Sawa, dada," akasema, akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa adabu.

Niliporudi kazi ilikwisha. Programu mpya ilikuwa inang'aa, vitufe vyote vimehamishwa kama vyombo baada ya msiba. Nikafungua hapa, nikafungua pale. Hakuna rangi, hakuna kola, hakuna mwanya.

"Kaka Salimu, makande yako wapi?"

"Hayo hapo mezani."

Kando ya kompyuta kulikuwa na chungu changu cha chakula cha mchana, makande ya kweli.

"Uliniambia niyaweke pembeni, nikayaweka dirishani. Uliniambia niyarudishe palepale, nimeyarudisha. Hata mfuniko sijafunua. Mimi nimelelewa, dada."

"Nasema ya ndani ya kompyuta."

Salimu aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Nani anaweka chakula ndani ya kompyuta?"

"Sisi," alijibu Mzee Erasmo, akakaa chini polepole.

"Kulikuwa na kitu kimeandikwa Makande," Salimu akakumbuka. "Nikajua ni mchezo wa watoto. Nimekifuta pamoja na lile la zamani."

Nilimkaribisha ale. Alikataa, akasema amesikia vizuri tangu mwanzo.

Kesho yake Zebedayo akaingia amechangamka. Shangazi yake Irine alishuka sokoni na jibu.

"Kijana wamempenda," alisema Zebedayo, akijizungumzia kama mtu mwingine. "Ila bibi yao ana wasiwasi. Anasema ule mwanya ni wa ukoo wao. Huenda kuna ndugu yao aliteremkia Gonja zamani, na mimi ni uzao wake, na ndugu hawaoani. Jumapili washenga wakienda kuposa, wabebe picha kubwa aitazame vizuri. Asiporidhika, basi. Dada Ziada, nitolee ileile, ila kubwa."

Picha yake niliyoimaliza ilikuwa humo humo kwenye Makande. Iliyobaki ni negativu ya filamu, na negativu ilikuwa na pengo. Sikumwambia bado. Nilitoa picha ya Irine dirishani niuchukue mwanya upya, nikakuta jua la Same limekwishaunywa. Meno yalitoka rangi ya chai kavu. Nikajaribu kuchora kwa mkono.

Zebedayo alisogea kwenye kioo cha kompyuta, akasogea tena.

"Huyu ni sungura."

"Nitampunguza."

"Usimpunguze. Nataka jino langu lile."

"Jino lako, kaka, liko shambani kwenye mkonge. Lile lilikuwa la Irine."

Mzee akajifanya anafuta vumbi kwenye tripodi ya kamera isiyo na vumbi.

"Irine yupi?" Zebedayo akauliza.

Nikamwonyesha fremu tupu dirishani.

"Yaani mimi," alisema Zebedayo, "nimempelekea msichana picha, nikacheka kwa meno yake mwenyewe."

"Ndiyo maana bibi kaona ukoo," Mzee akasema. "Macho ya bibi hayana kosa. Ukipeleka mwanya, wewe ni ndugu. Ukipeleka pengo, wewe ni mwongo wa picha ya kwanza."

"Mwongo anaweza kuoa," Zebedayo akasema baada ya kufikiri sana. "Ndugu hawezi. Toa pengo."

Kwa hiyo kazi yangu ikabaki rangi tu. Programu mpya ilimtoa wa majivu kama ya zamani ilivyofanya mwanzo. Nikaanza kusogeza alama, huku kidogo, kule kidogo, mpaka akafanana na mtu aliyekaa mbele yangu akitafuna kucha. Pengo sikuligusa.

Mzee Erasmo, kwa kuwa ni mtu wa Ugweno, ndiye aliyekuwa mshenga. Jumapili alipanda na picha imefungwa kwenye kanga. Zebedayo alibaki kwenye benchi la studio siku nzima. Nilimpa chai, akaikoroga mpaka ikapoa.

Mzee aliporudi hakutaka kuharakisha. Alivua kofia kwanza.

"Bibi kaishika picha," akasema, "akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akatazama. Akasema, huyu si wetu. Wetu hawana mapengo mpaka wanazikwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si ndugu. Posa kaipokea."

"Na Irine?"

"Irine kasema afadhali. Ile ya kwanza alikuwa akiitazama anajiona amevaa tai."

Zebedayo alicheka mdomo wazi, pengo lote, nami nikaona ni kweli sungura alikuwa hamfai.

Picha za harusi walikuja kupiga kwetu. Nilimwomba Irine acheke vizuri, nikauchukua mwanya wake upya, safari hii kwa ruhusa. "Wagawie," akasema, "ila huyu wangu usimtie." Nikarudisha na kola, na tai, na rangi. Nikaviweka mahali pamoja, nikapaandika Brashi za Ziada, nikanakili na kwenye disketi.

Mzee alipoleta toleo jingine, Salimu alikuja tena na shati lake la kunyooshwa. Nilimkalisha, nikamweleza taratibu.

"Kaka Salimu, brashi usiguse. Ziweke pembeni, ukimaliza uzirudishe palepale."

"Brashi," akasema. "Siyo makande?"

"Makande hayana shida tena."

Nikaenda stendi. Niliporudi nikafungua programu mpya. Rangi zipo, kola zipo, tai zipo, mwanya upo. Nikamshukuru sana, nikavuta chungu nile.

Kilikuwa kitupu, na kimeoshwa.