Duara la Mwisho

Wiki ile ile iliyobaki mbio moja tu mwaka uishe, jeki iliteleza na gurudumu la lori likamwangukia fundi matairi mguuni. Alipotoka hospitali na plasta hadi gotini, hakulilia mguu. Alililia kiwanja cha kumi.

Klabu yao ya mbio ilikuwa na viwanja kumi, kila kimoja mtaa wake. Jumamosi asubuhi watu hukimbia, na kwenye mstari wa mwisho msimamizi huisoma kadi yako kwa simu. Papo hapo duara moja kwenye simu yako hugeuka kijani. Ukiyajaza yote ndani ya mwaka, jina lako linapakwa rangi ukutani pale klabuni. Mwaka ukiisha bado duara moja, unafutiwa yote na kuanza upya. Fundi alikuwa hajawahi kumaliza kitu maishani, shule ikiwa ya kwanza. Maduara yake tisa ya kijani alikuwa akiyatazama kila akienda kulala, mkewe akimwambia, "Yaoe basi."

Akamwita mdogo wake, kinyozi.

"Kimbia na kadi yangu," akamwambia. "Wewe kiwanja hicho umeshakimaliza."

"Na yangu je?"

"Iache nyumbani. Wakikukuta na kadi mbili watatufuta sote."

Kinyozi akacheka. "Kaka, yaani hata kukimbia unatafuta kibarua?"

"Utakimbia au utaniletea maneno?"

Alikubali, maana kaka yake ndiye aliyemlea. Jumamosi akapita alfajiri mlangoni, akapokea kadi, akaondoka mbio kuwahi. Mke wa fundi alikuwa uani akifua, hakuona kitu. Kinyozi alikuwa amejichoma sindano yake ya sukari kama kila siku, ila chai hakupata muda wa kunywa.

Nyuma ya kila kadi mkimbiaji huandika ugonjwa wake na namba ya ndugu, akipatwa na lolote. Kadi ya kinyozi iliandikwa kisukari. Ya fundi iliandikwa presha, na namba ya mkewe. Hilo hakuna kati yao aliyeliwaza.

Fundi alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, kikombe mkononi, macho kwenye simu. Duara likageuka kijani. Akapiga ngumi kwenye godoro kwa furaha, chai ikamwagikia shuka.

Hata hajaifuta, simu ya mkewe ikalia. Mkewe akaja nayo chumbani, mikono ina povu, akaiweka sauti kubwa.

"Mama, tunapiga kutoka kiwanjani. Mumeo ameanguka baada ya kumaliza mbio. Tumeona ana presha, tumemlaza kivulini apumzike. Gari la wagonjwa tumeliita."

Mkewe akamtazama mumewe, akatazama na plasta.

"Mume wangu yuko hapa ananichafulia shuka," akasema. "Tafuteni mjinga mwingine." Akakata. "Matapeli hawa. Sasa hivi wangeniambia nitume hela ya matibabu."

Fundi alijua. Alijua kabla simu haijakatwa. Mtu mwenye sukari iliyoshuka anataka kitu kitamu mdomoni, na wale wamemlaza apumzike. Mdomo wake fundi ulikuwa tayari umefunguka aseme. Lakini akisema, wasimamizi watajua, na mwaka mzima utafutwa. Akajiambia kijana amechoka tu, watamwagia maji ataamka. Akajiambia pale wamejaa watu wenye akili zao.

Simu ikalia tena. Mkewe akaizima, akarudi uani kwenye beseni lake.

Fundi akabaki na simu yake mkononi. Chai ikapoa. Alimsikia mkewe akisuuza nguo zote, akizikamua, akizianika. Ndipo akapiga namba ya msimamizi: "Huyo si mimi. Ni mdogo wangu, ana kisukari. Mtieni sukari mdomoni."

"Amekwishapoteza fahamu, mzee," akajibiwa. "Hamezi kitu."

Mkewe alimkuta akihangaika kuvaa suruali juu ya plasta. "Nimekumbuka," fundi akamwambia, "nilimpa dogo kadi yangu."

Hospitali walimkuta shemeji yao, mke wa kinyozi, amekaa kwenye benchi na viatu vya mumewe mapajani. Daktari alikuwa ameshatoka kumweleza. Kinyozi ataishi, lakini ubongo ulikaa muda mrefu bila sukari. Macho yamefunguka, ila mkewe hamjui. Mkono wa kulia, wa mkasi, hausogei.

Fundi akajikokota na magongo hadi mbele yake. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na angeshukuru.

"Mambo ya kadi tutayaongea baadaye, shemeji," akasema yule mwanamke bila kuinua kichwa. "Nitayaongea, usidhani nimesamehe."

"Ndiyo, shemeji."

"Ila dada, mkeo, kaniambia kwa simu. Mlidhani matapeli. Hata mimi ningekata." Akajifuta pua kwa kiganja. "Na kwamba ulipokumbuka tu, hukungoja, ulipiga. Umejianika mbele ya klabu nzima kwa ajili yake. Hilo nakushukuru."

Mkewe akamshika fundi bega. Wote wawili wakawa wanamtazama, wakingoja aseme neno.

"Ni mdogo wangu," fundi akasema. "Ningengoja nini?"

Shemeji akasogea pembeni, akampisha akae.