Mke wa Kiti cha Mbele

Alfajiri hiyo mke wa fundi wa kuchomelea vyuma alijipaka mafuta mikono iliyochubuliwa na sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali, kisha akajifunga kitambaa kipya kichwani. Fundi akakitazama, roho ikimuuma. Kitambaa kipya cha kwenda kufua?

"Mbona nawe umevaa?" mkewe akauliza.

"Leo twende wote. Nimechukua kiti kwenye simu."

"Kazi yenyewe huna, unakwenda wapi?"

"Kuitafuta."

Tangu nauli za mabasi zipande, mkewe alisafiri kwa gari la karani mmoja. Programu ya simu iliwakutanisha wanaokwenda njia moja, wakachangia mafuta. Hilo fundi alilielewa. Asichoelewa ni kwa nini kila siku mkewe akae mbele.

"Karibu, mama watoto," karani akasema, akimfungulia mlango.

Fundi akabanwa nyuma na wauguzi wawili. Mkewe akaomba, kama ilivyokuwa desturi yake kila safari, Mungu awafikishe salama. Wote wakafumba macho, isipokuwa dereva, na fundi aliyekuwa akimchunga dereva.

"Mama watoto wa nani?" akanong'ona.

"Mchezo tu, kaka," muuguzi mmoja akamjibu. "Askari wanakamata magari binafsi yanayobeba abiria bila kibali. Kwa hiyo aliye mbele ni mke wa dereva, sisi huku mashemeji."

"Si aombe kibali?"

"Ameomba mpaka amechoka. Wanamwambia arudi kesho."

Darajani wakasimamishwa. Karani akaweka mkono begani kwa mke wa fundi. "Mke wangu, afande. Hawa ndugu zake, nawasogeza kazini."

Mkewe akatabasamu. Tabasamu hilo fundi hakuwa ameliona nyumbani tangu karakana ifungwe.

Askari akainama kwenye dirisha la nyuma. "Wewe. Huyu mama ni nani wako?"

Wauguzi wakamgeukia fundi. Alijua la kusema. Alijua pia kwamba mkewe alishapewa onyo la mwisho: akichelewa tena, kazi hana. Akauangalia ule mkono. Bado ulikuwa begani.

"Ni mke wangu," akasema.

Gari na karani wakapelekwa kituo cha polisi. Wauguzi wakaondoka kwa miguu, wakisonya. Fundi na mkewe wakabaki kando ya barabara, mabasi yakiwapita yamefurika, hakuna lililosimama.

"Usinikasirikie," fundi akasema. "Nimesema kweli."

Mkewe alikuwa akitazama upande wa hospitali, mbali kule ng'ambo ya daraja.

"Haya, mume ni wewe," akasema. "Nipeleke kazini."