Umeme Uliofika Umechoka

Friji iliguna mara tatu, ikazima. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mwa karavani, ile nyumba ndogo tuliyoikokota nyuma ya gari kutoka kibarua hadi kibarua, jasho likinichoma macho. Ndani ya friji mlikuwa na dawa ya sukari ya mume wangu, sindano za mwezi mzima. Ilikuwa saa nane mchana na bati la nje halikushikika. Duka la dawa la karibu lilikuwa mwendo wa siku nzima.

Mume wangu alikaa mlangoni, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Mpigie baba yako," alisema.

Miaka mitatu sikuwa nimempigia. Baba, fundi umeme aliyenifundisha kushika bisibisi kabla ya kalamu, hakuja harusini kwetu. Alisema naolewa nikauguze, si nikaishi. Nami nilimjibu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Alipokea papo hapo.

"Shikamoo, baba. Friji imegoma. Dawa zake zitaharibika."

"Marahaba. Pima umeme kwenye betri."

"Volti kumi na mbili na nusu."

"Sasa nyuma ya friji."

"Kumi."

"Basi umeme unafika umechoka. Kuna mahali unapotelea. Zima swichi kubwa, ufuate waya mweusi, mama. Usiuache."

Mama. Hivyo ndivyo alivyoniita nilipokuwa mdogo.

Nikajipenyeza uvunguni mwa karavani, simu nimeibana kwa bega. Waya mweusi uliishia kwenye bolti iliyoliwa na kutu. Niliikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza, nikarudi ndani kuwasha. Friji iliguna, na safari hii haikunyamaza.

Baba hayupo tena, ni mwaka wa saba huu. Mume wangu bado anajichoma sindano yake kila asubuhi. Jua likiwa kali hivi, mimi huzikumbuka dakika zile baada ya kazi kwisha, ambapo hakuna aliyekata simu. Upande wa baba nilisikia tupa ikisugua chuma, kisha ikaacha.

"Mwenyewe yuko?"

"Yuko hapa mlangoni."

"Mwambie akae kivulini."

Nilitaka kumwambia nimemkumbuka. Nikaingiza mkono ndani ya friji.

"Inaanza kupoa, baba."

"Haya," alisema. "Usikate kwanza."