Kiondo Kilichopinda

Mwaka wa 1987, katika shule niliyofundisha karibu na Kabati, niliwaambia wanafunzi wa darasa la saba wasuke vyondo kwa mikono yao wenyewe. Baada ya wiki tatu vililetwa vyondo thelathini na viwili. Thelathini na kimoja vilipendeza mno, na kwa nini visipendeze, kama vilisukwa na mama na nyanya zao? Mimi ni Mkamba. Kazi ya nyanya naijua hata nikifumba macho.

Cha Muthoki kilikuwa kimepinda. Nyuzi za kahawia zilimwishia katikati, akaendelea na nyuzi alizofumua kwenye gunia la mahindi, akazipitisha kwa kupindapinda kama njia ya kuteremka milima ya Mbooni. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Nilimpa nambari moja, nikamwahidi kwamba siku ya kuja mkaguzi wa shule kitakaa mbele mezani.

Kwenye mkutano wa walimu nilikitetea mpaka sauti ikanikauka.

"Madam Nzilani, ubunifu ni wa shule za Nairobi," akasema Ndululu, mwalimu wa hesabu. "Huku sisi tunatafuta kupita mtihani."

"Mkaguzi akiona hiyo kitu atasema hatufundishi," akasema mwalimu mkuu, Bwana Muthama. "Wenye wanataka ikae mezani, mkono juu."

Niliinua wangu. Kavata, rafiki yangu niliyekula naye chakula cha mchana kila siku, alitazama dirishani.

"Basi, wengi wape, madam," akasema mwalimu mkuu.

Nilikipeleka stoo mimi mwenyewe, na kwa uoga wangu sikumwambia mtoto. Siku ya ukaguzi nilimwona akiizunguka ile meza mara mbili, akitafuta. Kisha akarudi kwenye dawati lake. Tangu siku hiyo nilikula peke yangu darasani, kwa maana wenzangu niliwakasirikia na mimi mwenyewe nilijionea aibu.

Muhula uliofuata niliwapa kazi ileile, na Muthoki akaleta kiondo kingine, kimekazwa vizuri, mviringo safi.

"Umesuka wewe?"

"Ni nyanya, mwalimu." Alitabasamu. "Alitaka kunifundisha, nikamwambia asuke tu. Hii sasa itakaa mbele, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Nikakiweka mezani pamoja na vingine, na nilipogeuka kukiandikia alama sikuweza kukitambua.