Kalibu ya Askari wa KEYA

Kijiko kiligonga sufuria uani, alfajiri kukiwa bado giza, na Mwajabu akashtuka kitandani. Mumewe Mfaume alikuwa akiyeyusha risasi tena. Juzi tu alimuuzia dalali Mwishehe vinyago kumi na viwili vya askari wa KEYA, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, akaapa kwamba kalibu ya kuvimiminia ameivunja na havitakuwapo vingine. Kwa uchache huo, Wazungu walikuwa wakinunua kimoja kwa bei ya mbuzi.

“Unamimina nini, baba Tunu?”

“Chubwi za nyavu. Lala, mke wangu.”

“Lini wavuvi wamekuwa rafiki zako?”

Kijiko kikagonga sufuria tena.

Kulipopambazuka, Mwishehe akapiga hodi.

“Shikamoo, mzee,” Mfaume akawahi.

“Marahaba. Nasikia kuna askari wa kumi na tatu Kariakoo. Ukiniaibisha kwa wateja wangu, Temeke nzima hutauza hata kijiko.”

“Maneno ya wenye wivu hayo! Kalibu niliivunja. Muulize mke wangu.”

Wote wakamgeukia Mwajabu. Alitamani mno kumwamini mumewe, lakini mgongo wa kijiko wa alfajiri ulikuwa bado masikioni mwake. Mtoto wao Tunu akaingia kutoka uani, akirusharusha kitu viganjani na kukipuliza.

“Mama, askari huyu bado wa moto.”