Moshi wa Korosho za Kadzo

Wivu wa Kadzo haukuwa wa mume. Ngala mumewe alishinda wiki nzima machimboni Tiwi akikata mawe ya kujengea, akirudi Jumamosi na vumbi hadi kwenye kope, na hata kama angetaka kuwafuata wanawake wengine, angelala njiani kabla hajafika. Wivu wake ulikuwa wa mtoto. Mbodze, bintiye wa pekee, mtoto wa miaka mitano aliyempata baada ya kukata tamaa, alikuwa amempenda jirani.

Jirani mwenyewe aliitwa Maryanne. Alikuwa mtu wa bara, mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, naye alipanga chumba ng'ambo ya ua katika nyumba ileile ya Mzee Mbwana pale Ukunda alimopanga Kadzo. Wakati wa zile ghasia za mwaka wa tisini na saba za kuwafukuza watu wa bara alikimbia na begi moja, na watu wakadhani ndiyo imetoka. Hoteli zilipoanza kupata wageni tena, naye akarudi. Mwanawe Quincy alimwacha Kakamega kwa nyanyake, na habari hiyo Kadzo aliishika kwa mikono miwili. Mwanamke ambaye mtoto wake yuko mbali, alijiambia, kazi yake ni kuwakodolea macho watoto wa wenziwe.

Makosa ya Maryanne yalikuwa mengi, ukimwuliza Kadzo. Hakuwa na jiko. Alikula hotelini, na siku za mapumziko aliwasha stovu barazani akachemsha chai, basi, kazi imekwisha. Kuamkia hakujua, alimwambia "sasa" mtu aliyemzidi umri. Alicheka kwa sauti kubwa. Lakini hayo yote Kadzo angeyameza, lau si lile la kila siku alasiri. Mbodze akisikia kufuli ya Maryanne ikifunguliwa, aliangusha alichokuwa nacho mkononi akakimbia. Huko alicheza, alikula mkate wa hotelini, na kisha alilala juu ya mkeka barazani, usingizi mzito wa mtoto aliyeshiba. Akirudishwa kwao alinung'unika. Chakula hakitaki. Kikohozi hiki, kifua kikilia filimbi. Kwa mamake alikuwa mgonjwa na kwa jirani alikuwa mzima, na Kadzo akilitazama jambo hilo alihisi kama kwamba mtu amemtia kidole jichoni.

Sasa, Kadzo alikuwa mtu wa korosho. Alizinunua mbichi kutoka kwa wakulima wa Msambweni, akazichoma, akazibangua, na vijana wakaenda kuziuza ufukweni. Korosho zake zilitoka nyeupe na nzima, wala hazikuwa na yale madoa meusi ya korosho zilizoungua. Kazi hiyo si ya mchezo. Zile mbichi hutiwa kwenye kipande cha bati juu ya moto, zikageuzwa kwa mti mrefu mpaka maganda yatoe mafuta yake na kushika moto yenyewe, na hapo lazima ujue ni wakati gani wa kuzimwaga chini na kuzifukia mchanga. Ukiwahi hazibanguki, ukichelewa umepata makaa. Moshi wake ni mweusi na mkali, unatafuna macho na koo. Miaka yote Kadzo aliifanya kazi hiyo uani, hewani, mbele ya watu.

Mpaka siku ile Maryanne alipokuja kusimama karibu yake, mikono kiunoni.

"Mama Mbodze, hizi zako haziunguangi. Unajuaje zimeiva?" aliuliza. "Wageni pale kazini wanazipenda sana. Siku moja utanifunza."

Kadzo alicheka kwa midomo tu. Kwa hiyo mtoto hakumtosha, anataka na korosho. Alimwona Maryanne tayari, amevaa ile blauzi yake nyeupe ya kazini, anawapitishia Wazungu korosho kwenye sahani, na yeye Kadzo amekaa uani hana mtoto wala biashara. Kesho yake alihamishia kazi yake jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa mabati, na kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya wa kutolea moshi. Kadzo aliuziba mwanya ule kwa magunia, pande zote, asije mtu akachungulia. Akawa anafunga mlango kwa ndani. Na kwa kuwa hakutaka Mbodze azurure kuelekea ng'ambo ya ua, alimkalisha humohumo, kwenye kibao, karibu yake, mpaka kazi iishe.

Utashangaa mtu na akili zake asione. Lakini Kadzo alilelewa jikoni kwa mamake kule Kinango, na kwake moshi ulikuwa kitu cha kufuta machozi na kuendelea na kazi. Kile kikohozi cha mtoto kilipoanza kukaza, alimsugua kifua kwa mafuta ya simsim. Kilipozidi, alijua bila kuambiwa kwamba mtoto ameingiwa na kijicho. Na kijicho cha nani, hilo nalo halikuhitaji kuulizwa. Alitafuta ubani na majani, akaviweka juu ya makaa, akamfunika mtoto kwa leso amfukize vizuri. Mbodze alikohoa mpaka akatapika. Kadzo akaona kumbe husuda yenyewe ni nzito kuliko alivyodhani, akamfukiza tena.

"Wenzio huwaonea wivu waume zao," Ngala alimwambia Jumamosi moja, akinawa miguu. "Wewe wamwonea wivu mtoto. Mwache acheze."

"Acheze, halafu siku moja aitwe nduguye Quincy?" Kadzo alimjibu. "Wewe hukuuona uchungu wa kumzaa."

Ngala akaendelea kunawa miguu, kwa kuwa uchungu huo ni kweli hakuuona.

Jumatatu iliyofuata Kadzo alipiga marufuku. Mbodze asivuke ua tena. Mtoto alilia, akachoka, akaenda kukaa kwenye kibao chake. Pasaka ilikuwa inakaribia na wageni walikuwa wengi, hivyo Kadzo alijaza bati mpaka pomoni. Maganda yalianza kutoa mafuta, moshi ukajaa kutoka paani kushuka chini, naye aliendelea kugeuza, akifikiria sura ya Maryanne atakaporudi na kukuta baraza tupu. Fikra hiyo ilimpa raha, tena raha tamu. Alikuwa bado anaionja alipogundua kwamba mtoto hakohoi tena.

Aligeuka. Mbodze alikuwa amekaa wima, ameshika magoti, mdomo wazi. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na pumzi haiji. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Kadzo alimnyakua, akafungua komeo, akatoka. Hakuita majirani wala hakukimbilia barabarani. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza la Maryanne, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika, bado na mkoba begani.

"Mfungue mwanangu," Kadzo alisema. "Nimemkataza kuja kwako ukaamua kumwua. Mfungue."

Maryanne alimtazama yeye, akamtazama mtoto. Palepale barazani, kwenye upepo wa alasiri, Mbodze alivuta pumzi moja yenye sauti ya mluzi, kisha nyingine.

"Waona?" alisema Kadzo. "Kukuona tu, pumzi yamrudia."

"Mama Mbodze, tutagombana baadaye," Maryanne alisema. "Huyu mtoto anaenda hospitali saa hii." Akatupa mkoba ndani, akatangulia mbele.

Zahanati haikuwa mbali. Daktari, kijana wa Kidigo mwenye sauti ya upole, alimchoma Mbodze sindano, akawakalisha kwenye benchi karibu na dirisha huku akimsikiliza kifua mara kwa mara. Midomo ilipoanza kurudia rangi yake, alimgeukia Kadzo.

"Mama, wachoma nini nyumbani? Maana wanukia."

"Korosho."

"Wachomea wapi?"

"Jikoni."

"Ndani? Kwa nini ndani, mama? Korosho huchomwa nje."

Jibu Kadzo alikuwa nalo, lakini yule aliyefichwa korosho alikuwa amekaa kando yake, blauzi nyeupe imetapakaa masizi kwa kupokezana naye mtoto njiani. Mbodze ndiye aliyezungumza, kwa sauti nyembamba.

"Kwetu kifua chalia," alimweleza daktari. "Kwa Mama Quincy hakilii."

"Ndiyo maana wapenda kwenda huko?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Kadzo aliinamisha uso. Hakuna aliyemlisha mtoto dawa. Hakuna aliyemwita. Alikuwa akikimbilia pumzi.

"Sikutaka aone," alisema hatimaye.

"Nani aone nini?" daktari aliuliza. Maryanne alielewa. Akajipangusa masizi kwenye blauzi.

Daktari hakulifuatilia. Aliwaeleza kwamba njia za pumzi za mtoto ni nyembamba, na moshi huzivimbisha zikabana. Moshi wa maganda ya korosho ni mbaya zaidi kwa sababu ya yale mafuta. Aliuliza habari ya kufukiza, Kadzo akakiri, naye akasema basi, na hiyo iishe leo. Kadzo alikubali kila kitu. Aliahidi kuyang'oa magunia, kurudi uani, kuchomea mbali. Wakati huohuo alinyoosha mikono amchukue mwanawe, amweke pajani, amwonyeshe daktari na yule mwingine kwamba bado ni wake.

Mbodze alimkumbatia. Alizika uso kwenye leso ya mamake, akavuta pumzi, na mara akaanza kukohoa. Ile filimbi ikaanza tena kifuani.

"Moshi umo kwenye nguo, mama," daktari alisema. "Na kwenye nywele. Usimpakate kwanza, mpaka ukaoge."

Kadzo alibaki amemshika mtoto kwa muda mfupi, mikono ikikataa. Kisha akageukia upande wa pili wa benchi.

"Mshike wewe," akasema.

"Mimi pia nimepakwa masizi, kidogo," Maryanne alisema polepole.

"Wewe huna mengi. Mimi nanuka."

Maryanne alimpokea. Mbodze alikilaza kichwa kwenye bega lake, akafumba macho, na ile filimbi ikaanza kupungua kidogo kidogo. Kadzo alijitenga akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, kule mlangoni, akakunja leso yake vizuri mapajani ili upepo usimpelekee mtoto harufu yake. Kila mgongo wa mwanawe ulipopanda na kushuka taratibu kwenye kifua cha yule mwanamke, wivu ulimchoma kuliko siku zote, naye hakuinuka.