Sita ya Symphorien

Jumapili saa tisa alasiri, misa ikiwa imekwisha na ugali wa bukari umeshashuka tumboni, watu wanne waliketi kuzunguka meza ya Philomène huko Kikula kucheza ludo. Philomène alichukua nyekundu, kwa sababu meza ilikuwa yake. Kaka yake Joachim, mchongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, alichukua kijani, akidai kwamba ndiyo rangi inayomlisha. Mdogo wao Fidélie alichukua bluu. Njano ilikuwa ya Symphorien, mume wa Philomène, karani wa wafanyakazi katika kampuni moja ya shaba upande wa Kamatanda, mtu ambaye hajawahi kuchelewa kanisani wala kutoka nyumbani bila kalamu mbili mfukoni.

Zamani walikuwa watano. Rolly, mume wa Fidélie, alikuwa akiketi ubavuni mwa mkewe na kumnong'oneza namna ya kuiba hatua. Sasa ilikuwa wiki ya saba tangu shimo la kampuni liporomoke, na wiki ya saba tangu Rolly atoke nyumbani na kipande cha mkate.

Kampuni ilitoa orodha ya watu watano waliokufa, na padri akayasoma majina matano. La Rolly halikuwemo. Ndugu zake walikataa kuweka kilio. Babu yao aliletwa kutoka Kasai kwa karatasi ya kuandikishwa mgodini, na tangu hapo ukoo mzima unaamini karatasi. Walisema mtu halilii jina ambalo halikuandikwa. Pengine Rolly amevuka zake kwenda Zambia, na hakuvuka peke yake. Kwa hiyo Fidélie hakuwa mke tena wala hakuwa mjane. Kitambaa cheusi alishakinunua, ila hakuruhusiwa kukifunga kichwani. Akipita sokoni, wanawake hawakujua wampe pole au wamcheke, na baadhi yao, Mungu awaone, walifanya yote mawili.

Aliyeiandika orodha ile ni Symphorien.

Siku shimo lilipoporomoka, mchimbaji mmoja aitwaye Casimir alikuwa amelala na malaria. Symphorien akampa Rolly kadi ya Casimir ashuke badala yake. Kwani shemeji ni wa kazi gani? Jioni kadi sita hazikurudi. Wiki iliyofuata Casimir alikuja ofisini, mzima, anadai kadi yake, na Symphorien akaukata mstari wa sita kwa kalamu na rula. Angeandika jina la Rolly, angekuwa ameandika pia kwamba karani hutoa kadi za watu. Karani wa namna hiyo hutolewa kazini siku hiyohiyo, na katika nyumba ya kampuni pia. Alikuwa mwoga. Tusimpambe.

Dadu ya zamani, ya plastiki, ilipasuka chini ya mguu wa kiti. Joachim akachonga nyingine kwa malakiti aliyonunua kwa wapondaji wa mawe, kutoka kwenye kifusi cha shimo lile. Alifanya kazi safi. Pande zilizotazamana zilitoa jumla ya saba, kona zililainishwa kwa msasa, na vitundu vilikuwa sawasawa vyote.

Jumapili hiyo, ya kwanza kwa dadu mpya, Philomène aliitikisa ndani ya kopo la nyanya akapata mbili. Joachim akapata nne, Fidélie moja. Symphorien akapata sita.

Kwa sheria ya nyumba ile, anayepata sita hutoa kete yake, kisha hutupa tena. Symphorien akatupa, ikawa sita. Akatupa tena, sita. Kete zake nne zilitoka moja baada ya nyingine, zikazunguka ubao, na zote zikakwama hatua mbili kabla ya kufika, maana penye nafasi ya mbili sita haiingii. Hakuwa na pa kwenda, lakini sheria ni sheria, akaendelea kutupa. Wengine walingoja zamu zao hadi jua likaegemea ukuta wa jirani. Hakuna aliyepiga kelele. Philomène alikaanga karanga.

Jumapili ya pili mke alimtupia mumewe. Ikawa sita. Joachim alijitupia mwenyewe, akapata tatu. Akaichunguza dadu kwenye mwanga wa dirisha, akaipima mkononi, na uso ukamkunjamana.

"Minye nilitoboa vizuri," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyeitwa mwongo. "Dé yangu haisemake bongo."

Tangu siku ile Fidélie aliacha kuangalia ubao, akawa anaangalia mkono wa Symphorien, na Symphorien aliuhisi mtazamo huo hata akiwa ofisini. Jumatano alimfuata Joachim kwenye karakana yake, akamwomba dadu isiyo na sita. Joachim akamchongea: moja hadi tano, na upande mmoja mtupu, laini kama ukucha.

Jumapili ya tatu Symphorien alitupa akiwa anatabasamu. Dadu ilizunguka, ikalala, upande mtupu ukiwa juu. Halafu vitundu vikaanza kujichimba, kimoja kimoja, bila haraka, na unga wa kijani ukamwagika ubaoni. Vilipofika vitano vilisita kidogo. Cha sita kikajichimba.

"Itaharibu nappe," Philomène alisema, akasogeza kitambaa cha meza.

Fidélie aliweka mikono yote miwili mezani, akamgeukia shemeji yake.

"Beau, siku ile kadi ngapi hazikurudiaka?"

"Tano. Kila muntu aliona liste."

"Tupa tena."

"Fidélie, ile ni jeu tu, muchezo tu."

"Tupa."

Alitupa. Sita.

"Ile ya sita njo nani, beau?"

Symphorien alijifuta shingo. Joachim alikuwa akiangalia vidole vyake mwenyewe.

"Siko naomba feza," Fidélie alisema. "Siko naomba nyumba. Andika jina yake moya tu. Bamulilie. Minye pia nilie."

Mkono wa Symphorien ulipanda polepole hadi mfukoni, penye kalamu. Fidélie aliuona. Alijiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayesikia hatua za mgeni wake mlangoni.

"Na batoto yetu?" Philomène aliuliza taratibu, bila kumtazama mdogo wake. "Batatufukuza hapa. Batalala wapi?"

Symphorien alichomoa kalamu. Akaondoa kete, akaugeuza ubao, na mgongoni mwake akaandika kwa mwandiko ule mzuri, uleule wa orodha: *Sheria mpya. Sita ya njano inahesabiwa tano.* Akatia tarehe na sahihi. Philomène akatia sahihi kama shahidi. Joachim alijifuta vumbi mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye akatia. Kalamu ilipofika kwa Fidélie aliishika, akaisoma sheria mara mbili, kisha akaiweka kalamu chini bila kuandika. Symphorien alisema majina matatu yanatosha.

Tangu hapo mchezo unakwenda vizuri. Kwa tano kete haitoki, kwa hiyo zile za njano zimekaa ndani ya nyumba yao, salama, na mwenyewe halalamiki. Katikati ya wiki vitundu hujiziba, na Jumapili hujichimba upya. Symphorien hutupa, ikawa sita.

"Tano," husema Philomène.

"Tano," husema Joachim.

Fidélie hukusanya unga wa kijani kwa kidole, asiache hata chembe, akautia kwenye kitambaa chake cheusi na kukifunga fundo. Kisha hupokea kopo, maana ni zamu yake.